Sura ya 7: Mbwa Mbele za Watu

Kwa miaka mingi Busia imekuwa mji wa baiskeli za magurudumu matatu, zile zinazoendeshwa kwa mikono. Watu wenye ulemavu wa miguu walifuata riziki mpakani hapa, kwa sababu baiskeli hiyo hubeba mzigo mkubwa kuliko mtazamaji anavyodhani, na maafisa wa forodha walikuwa wakimlegezea kidogo mwenye nayo. Wanaanthropolojia Susan Reynolds Whyte na Herbert Muyinda waliandika habari zao mwaka 2007, wakaeleza jinsi watu hao walivyojiunga katika vikundi na kujipatia heshima kwa biashara ya kuvusha bidhaa kati ya Uganda na Kenya. Kabla ya hapo wengi walikuwa wakifichwa nyumbani. Barabara ya Busia iliwaona, ikawapisha, ikawazoea.

Naanza na wafanyabiashara hao kwa sababu kila ninapozungumzia mbwa wasaidizi katika nchi zetu, huambiwa kwamba watu wetu hawatakubali. Busia imekwisha kukubali jambo gumu zaidi. Imekubali kwamba mtu mwenye ulemavu ana shughuli zake mjini, kwamba ana haraka kama wengine, na kwamba chombo anachokuja nacho ni sehemu ya mwili wake. Katika sura hii nataka kuuliza ni nini kingehitajika ili chombo hicho kiwe na miguu minne na mkia.

Tumchukue mama asiyeona anayeishi Buteba, kata ya wilaya ya Busia upande wa Uganda, katika nchi ya Wateso iliyo kati ya Busia mjini na Tororo. Ana biashara ndogo, na biashara yake inamtaka afike sokoni. Leo huongozwa na mtoto, mjukuu pengine, aliyeshika ncha ya fimbo huku bibi ameshika ncha ya pili. Mtoto huyo siku hiyo haendi shule. Hili ni jambo la kila siku katika vijiji vyetu, na tumelizoea kiasi kwamba hatuhesabu gharama yake: mtu mzima anaongozwa, na mtoto mmoja anakosa masomo ili aongoze. Mbwa aliyefundishwa vizuri angewafungua wote wawili.

Lakini mbwa huyo atapita wapi? Atapita penye watu, na watu wanamwogopa mbwa kwa sababu nzuri. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu hakina tiba, na Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kinaua watu wapatao 59,000 kwa mwaka, karibu wote Afrika na Asia, na karibu wote kwa kuumwa na mbwa. Kati ya kila watu 10 wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa, 4 ni watoto wa chini ya miaka 15. Mama anayeokota jiwe mbwa anapomkaribia mwanawe anafanya alichofunzwa na maisha. Kwa hiyo mafunzo ya mbwa msaidizi hapa hayaanzi na amri ya kukaa wala ya kulala. Yanaanza na sindano ya chanjo, cheti chake, na alama inayoonekana kwa mbali kwamba mbwa huyu amechanjwa.

Mfano wa karibu zaidi ninaoujua uko Gulu, kaskazini mwa Uganda. Francis Okello Oloya alipoteza macho akiwa na umri wa miaka 12, kwa mlipuko wa bomu lililokuwa limeachwa ardhini shambani kwao. Alipelekwa shule ya bweni, na usiku alipohitaji kwenda chooni aliona aibu kuwaamsha wenzake kila mara. Mbwa waliokuwa wakizurura shuleni wakamzoea naye akawazoea. Wakawa wanamsindikiza gizani na kumrudisha. Hakuna mkufunzi aliyewafundisha. Okello alisoma, akawa mwanasaikolojia wa jamii, na baadaye akaanzisha mradi wa mbwa wa faraja chini ya shirika la The BIG FIX Uganda. Mradi huo unawaunganisha watu waliojeruhiwa rohoni na vita vya Joseph Kony na mbwa waliookolewa mitaani. Mbwa hutibiwa, huchanjwa, huhasiwa, na hupimwa tabia kabla hajakabidhiwa mtu. Kisha mtu na mbwa wake huhudhuria mafunzo pamoja kwa miezi kadhaa, na mwishoni huhitimu pamoja.

Kuna mambo mawili katika habari hiyo ambayo kila anayefikiria jambo hili angepaswa kuyashika. La kwanza ni kwamba mbwa wale ni mbwa koko. La pili ni kwamba anayehitimu ni jozi, si mbwa peke yake.

Hapa lazima nitenganishe majina, maana watu huyachanganya na madhara yake ni makubwa. Mbwa wa faraja humtuliza mtu kwa kuwapo kwake. Mbwa msaidizi amefundishwa kufanya kazi maalumu inayopunguza ulemavu wa mtu mmoja anayejulikana: kumwongoza asiyeona, kumjulisha kiziwi kwamba mtoto analia, kumwokotea kitu aliye kwenye kiti cha magurudumu. Mbwa wa kunusa pembe za ndovu, kama wale wanaofundishwa Usa River karibu na Arusha kwa ajili ya bandari na viwanja vya ndege, ni wa aina nyingine tena. Huyo ni mtumishi wa sheria, na umma hauhitaji kukaa naye karibu. Mbwa msaidizi peke yake ndiye anayelazimika kwenda kila aendako mwenye naye, hata mezani, hata wodini. Ndiyo maana adabu yake mbele za watu hupimwa kwa ukali zaidi kuliko ya mbwa mwingine yeyote.

Ni mbwa gani afundishwe? Wafadhili hupenda kuleta mbwa wa Ulaya: Labrador au mchungaji wa Kijerumani. Mbwa mwongozaji wa kisasa alianzia Ujerumani, ambako daktari Gerhard Stalling alifungua shule Oldenburg mwaka 1916 kwa ajili ya askari waliopofuka vitani, na mbwa wa kwanza walikuwa wa aina hiyo ya mchungaji. Lakini Buteba na Tororo ni nchi ya mbung'o. Si bure kwamba taasisi ya Afrika Mashariki ya kuchunguza malale na nagana iliwekwa Tororo enzi za ukoloni. Vijidudu vya magonjwa hayo, vinavyoenezwa na mbung'o, humshambulia mbwa vibaya. Homa humkondesha, macho huvimba na kupata ukungu, na anaweza kupofuka. Ongeza homa za kupe, ongeza joto la mchana. Kumleta mbwa mgeni ili awe macho ya mtu katika nchi ambayo ugonjwa wake huyashambulia macho ya mbwa ni kumtia hatarini mnyama na kumtia hasara mtu. Mbwa wa kienyeji, mwenye manyoya mafupi na mwili wa wastani, amezaliwa katika hali hiyo na wazazi wake waliivuka. Hana kinga kamili, na bado anahitaji kukaguliwa, lakini ana mwanzo mzuri. Pia hali sana.

Kasoro ya mbwa wa kienyeji ni malezi. John Paul Scott na John Fuller, waliofanya utafiti wao Bar Harbor nchini Marekani na kuchapisha kitabu chao mwaka 1965, walionyesha kwamba kuna kipindi kifupi, takriban kati ya wiki ya 3 na wiki ya 12 au 14, ambapo mtoto wa mbwa hujifunza ni viumbe gani ni wa kawaida maishani mwake. Asiyegusana na binadamu katika wiki hizo huwaogopa siku zote. Mtoto wa mbwa wa Buteba kwa kawaida hutumia wiki hizo chini ya ghala, akifukuzwa. Anaponyonya anajifunza kwamba mguu wa mtu huja na teke. Ukitaka mbwa msaidizi, wiki hizo ndizo za kumbeba mikononi, kumpitisha mbele ya mashine ya kusaga, kumgusisha watoto wapole, wazee wenye fimbo, wanawake wenye mitungi kichwani, wanaume wenye makoti ya mvua. Hafundishwi chochote. Anaonyeshwa tu dunia, na dunia inamtendea wema.

Kisha ndipo kazi yenyewe. Jumuiya ya kimataifa ya watu wanaotumia mbwa wasaidizi, IAADP, iliweka kiwango cha chini cha saa 120 za mafunzo kwa muda usiopungua miezi 6, na angalau saa 30 kati ya hizo ziwe hadharani. Kiwango hicho ni cha chini kweli. Mpaka wa Busia ungehitaji zaidi, na ungehitaji mpangilio wa aina yake, kwa sababu vishawishi vyetu si vile vya duka kubwa la Chicago.

Chukua lori. Trela linaloelekea mpakani huachia breki za upepo kwa mlio unaomshtua hata mtu. Mkufunzi mbaya humpeleka mbwa kando ya barabara siku ya kwanza na kumshikilia kwa nguvu hadi azoee, na mbwa hazoei. Hujifunza kwamba barabara ni mahali pa hofu na kwamba aliyeshika kamba hamsikilizi. Mkufunzi mzuri huanza shambani, mbali kiasi kwamba mbwa husikia mlio, hugeuza masikio, kisha hurudisha macho kwa mtu wake. Wakati huohuo anapewa dagaa mkavu mmoja. Lori, dagaa. Lori, dagaa. Siku nyingine wanasogea hatua chache. Kipimo ni mdomo wa mbwa mwenyewe: akikataa dagaa, wamesogea mno, na warudi nyuma bila kumkaripia. Mkufunzi anasoma pia dalili ndogondogo, kupiga miayo pasipo usingizi, kulamba midomo pasipo chakula, mkia kushuka, kuhema kupita joto la siku. Anayezijua dalili hizi hatasubiri mbwa angurume ndipo aelewe.

Kuku ni mtihani mkubwa kuliko lori. Mbwa wa kijijini anayekimbiza kuku hafikishi umri, kwa hiyo kuna mbwa waliokomaa wa Buteba wasiomtazama kuku hata akipita puani mwao, na mkufunzi mwenye busara angetafuta mama wa namna hiyo kabla ya kutafuta watoto wake. Baada ya kuku kuna nyama. Penye kituo chochote cha matatu pana mishikaki juu ya makaa, chapati zinageuzwa, mifupa imedondoka chini. Mbwa anayeongoza hawezi kuinamisha kichwa kuokota mfupa, kwa sababu kichwa kikiinama mtu anajikwaa. Amri ya kuacha hufundishwa nyumbani kwa kipande cha ugali chini ya mguu, na huchukua majuma kabla ya kufikishwa kituoni.

Halafu kuna pikipiki. Biashara ya bodaboda ilizaliwa mpakani hapa kwa baiskeli, na leo pikipiki huja kutoka kila upande, nyingine kinyume cha njia. Mbwa mwongozaji lazima ajue kukataa amri. Mama akisema "twende" na pikipiki inakuja, mbwa asimame, au ajikingamishe mbele ya miguu yake. Hii ndiyo sehemu ya mafunzo ninayoistahi kuliko zote, maana inamtaka mnyama aliyefundishwa utii ajue ni lini utii unaua, na inamtaka mtu amwamini bila kuona sababu.

Sasa mtihani. Unaotumiwa sana duniani ni ule wa Assistance Dogs International, na unafuata matembezi ya kawaida: kushuka garini, kukaribia jengo, kuingia mlangoni, kupita katikati ya watu, kuitwa, kukaa, kulala, kustahimili kelele, kukaa mkahawani, kutoka, kupanda gari. Mtahini huangusha ubao nyuma ya mbwa na kutazama. Kushtuka si kosa. Kosa ni kubaki katika hofu, au kugeuka kwa ukali. Mtahini pia hutazama mkono wa mtu. Je, anampongeza mbwa? Je, anamvuta shingo kwa hasira? Kubweka ovyo, kungurumia watu, kuomba chakula au kujisaidia ndani ya jengo humwangusha mtahiniwa.

Mimi ningeuchora mtihani huo upya juu ya njia ya Buteba hadi Busia. Ungeanza kwenye matatu iliyojaa, mbwa amejikunja chini kati ya miguu ya mama, mfuko wa abiria mmoja ukitoa harufu ya samaki. Konda anapiga bodi la gari, abiria wanashuka kwa kusukumana, na mbwa anangoja hadi aambiwe. Kutoka hapo ni kwa miguu hadi kituo cha pamoja cha mpakani, kilichozinduliwa rasmi mwaka 2018, ambako msafiri hukamilisha taratibu za nchi mbili chini ya paa moja. Huko foleni ni ndefu, na mbwa hupimwa kwa jambo ambalo linaonekana dogo nalo ni gumu: kutofanya chochote. Alale, foleni isogee, ainuke, alale tena. Mtu aliyebeba kreti la vifaranga asimame nyuma yake. Mtoto anayelia apite. Mlango wa chuma ufungwe kwa kishindo.

Sehemu ya sokoni ningeiweka siku ya soko, si siku tulivu. Mbwa apite kati ya marundo ya nyanya na dagaa yaliyotandazwa chini kwenye maturubai bila kukanyaga wala kunusa, kwa sababu mchuuzi ambaye bidhaa yake imenuswa na mbwa amepata hasara, na hasara hiyo italipwa na kila mtu asiyeona atakayekuja baadaye. Hapo katikati mtahini aangushe kipande cha nyama. Kisha mama aachie kamba kana kwamba imemponyoka. Mbwa abaki alipo, naye mama atambue na kuiokota. Mwisho wa soko aletwe mbwa mwingine, mbwa wa mtaa aliye huru, maana atakuwapo mtihani ukitaka usitake. Mbwa koko wa Busia hawafungwi kamba. Msaidizi anayejibu kila uchokozi hatafika popote.

Mkahawani mbwa alale chini ya meza, mkia ukiwa umekunjwa usikanyagwe. Na hapa tuseme wazi juu ya dini. Busia ina madereva Waislamu wengi na mikahawa yao, na katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Afrika Mashariki, mate ya mbwa ni najisi inayohitaji kuoshwa mara saba, moja kwa udongo. Mbwa wa kuwinda na kulinda waliruhusiwa tangu zamani, na wanazuoni wameyajenga majibu yao juu ya ruhusa hiyo. Mwaka 2008, Leicester nchini Uingereza, msikiti mmoja ulimkubali kijana asiyeona aje na mbwa wake baada ya baraza la sharia kutoa fatwa. Mbwa alitengewa mahali pa kupumzika karibu na mlango wakati mwenyewe akiswali. Mpango kama huo unahitaji mazungumzo ya mapema na imamu na mwenye mkahawa. Unahitaji pia mbwa asiyelamba mtu hata kidogo, na hilo hufundishika. Ningeliongeza katika mtihani wetu kama sharti.

Anayetahini asiwe yule aliyefundisha. Ningetaka watu watatu: daktari wa mifugo wa wilaya, mwakilishi wa chama cha watu wenye ulemavu, na mchuuzi mmoja wa soko anayewaogopa mbwa. Huyo wa tatu ndiye muhimu. Yeye akisema mbwa huyu anaweza kupita mbele ya meza yangu, soko zima litasikia.

Nusu ya mtihani ni ya watu. Nchini Marekani, chini ya sheria ya mwaka 1990 ya watu wenye ulemavu, mwenye duka anaruhusiwa kuuliza maswali mawili tu kama hali haijionyeshi: je, mbwa huyu anahitajika kwa sababu ya ulemavu, na amefundishwa kufanya kazi gani? Haruhusiwi kudai maelezo ya ugonjwa. Maswali hayo mawili yangetosha kwa askari wa lango na afisa wa uhamiaji wa pande zote mbili. Uganda na Kenya zote ziliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2008, na kifungu chake cha 20 kinazitaka serikali kurahisisha upatikanaji wa vifaa vya kutembelea na misaada itolewayo na viumbe hai. Lakini sheria za kichaa cha mbwa zilizorithiwa toka ukoloni zinamtazama mbwa wa hadharani kama hatari ya kuondolewa. Afisa aliye langoni anazijua hizo za pili vizuri zaidi.

Watoto hujifunza haraka kuliko maafisa. Shuleni Buteba ingetosha kipindi kimoja: mbwa aliyevaa mkanda wa kazi kifuani haitwi, hashikwi, hapewi chakula, hatupiwi jiwe. Mtoto akiuliza, "Mama, anauma?" jibu la mwenye mbwa liwe fupi na la upole: "Yuko kazini, mwanangu. Mwache apite." Mkufunzi amfundishe mama jibu hilo kwa uzito uleule anaomfundishia kushika kamba, kwa sababu atalitoa mara nyingi kwa siku na siku nyingine atakuwa amechoka.

Cheti kisiwe cha maisha. Mbwa huzeeka, huumwa na mbwa mwenzake akawa mwoga, huharibiwa na mtu wa nyumbani anayempa mifupa kisirisiri. Kwa hiyo ningependekeza mtihani urudiwe kila mwaka siku ileile ya chanjo ya kichaa, wakati daktari wa mifugo yuko kijijini na wenye mbwa wote wamekusanyika chini ya mti na mbwa wao, wengine wamefungwa kwa katani, wengine wamebebwa. Jozi ya mbwa msaidizi ipite katikati ya mkusanyiko huo, itoke upande wa pili, na cheti kipigwe mhuri mezani palepale panapoandikwa kadi za chanjo.